Kidole cha Wifi

Nyumba yetu ya Makorora ilikuwa na wanawake wawili wenye midomo, mimi na mama, kisha tukaletewa wa tatu asiyesema kitu. Huyo ndiye Shamsiya, mke wa mdogo wangu Yazid. Mtu asiyesema hunitia wazimu. Nikimtania ananyamaza, nikimchokoza anatabasamu, mpaka nikasema haya, huyu ama ni malaika ama anatudharau. Mimi nimeachika, nimerudi kwetu na masanduku yangu, nauza vitambaa vya mapazia Ngamiani, na sioni haya kusema kwamba nilimwonea kijicho. Mume wake dereva wa lori, na kila anapopumzisha lori anampigia simu. Mwaka wa pili akapata mimba, mama akatangaza mtaa mzima kabla hata tumbo halijaonekana.

Mama yangu, Bi Hafsa, ana mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mkali wa kusema. Tonge lake la mwisho atakupa wewe, na ukilikataa atakusema mpaka kiyama. Jirani yetu mmoja alipomwoza mwanawe, bibi harusi akaja kugundulika ana kisukari, mama alikaa barazani akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara kwamba mke mwenye sukari ni mtungi wenye ufa, utatia maji mpaka uzeeke. Shamsiya alikuwepo, anachambua mchele.

Kwa hiyo siku alipokuja chumbani kwangu na kufunga mlango, nilijua kuna jambo. Mama alikuwa ameenda darsani. Shamsiya alikaa kitandani kwangu, mimba yake ina miezi saba, akaanza kusema, na alipoanza hakukamatika. Kliniki walikuwa wamempima wakamkuta na kisukari cha mimba. Walimwambia huja na mimba na mara nyingi huondoka nayo, asiogope, ila apunguze wali na ugali, aache vya sukari kabisa, atembee, na ajipime mwenyewe kidoleni kabla ya kula na baada ya kula. Akanionyesha kimashine chenyewe, kidogo tu, na vijiti vyake kwenye kichupa. Namba zisiposhuka ataanzishiwa sindano za insulini.

Hapo kwenye sindano ndipo alipolia. Mama yake marehemu, kule Muheza, aliugua sukari miaka mingi kwa miti shamba, akaanzishiwa sindano, kisha akakatwa mguu, na mwaka haukuisha wakamzika. Kwa Shamsiya, sindano ndiyo iliyomuua mama yake. Mimi nilijua si hivyo. Nilijua sindano ilimkuta mtu ameshachelewa, na nikamwambia, lakini nilimwambia mara moja tu, tena kwa upole ambao si wangu. Mambo ya mama yangu ninayapigia kelele asubuhi na jioni. Hili nililipitisha kwa sentensi moja.

Akaniomba nisimwambie mtu, hasa mama. Nikamwapia. Na mimi nikiapa nimeapa, kwetu wananijua kwa hilo.

Ramadhani ikaingia. Mja mzito ana ruhusa ya kutofunga, na Shamsiya hakufunga, lakini futari haina ruhusa. Kwetu futari ni mkeka mzima: tende, uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, kaimati zinazometa shira, na juu ya hapo sahani za majirani zinazoingia zimefunikwa kawa, ambazo usipozigusa kesho utaulizwa umeona nini ndani yake. Mama alikuwa anamjazia Shamsiya sahani kwa mkono wake. Kula, mko wawili, alikuwa akimwambia. Akiacha kaimati moja, mama anamuuliza kama shira imeungua. Mtu atakataaje bila kueleza? Alikula. Kisha anakuja chumbani kwangu, anajichoma kidole, anaziona namba, anajikunyata kama mtoto aliyevunja kikombe.

Jioni moja namba ilikuwa mbaya sana, na kesho yake ilikuwa kliniki. Mashine ile hukumbuka kila kitu, nesi akibonyeza anaona wiki nzima. Shamsiya akaishika mikononi, akanitazama, akasema, "Wifi, nipe kidole chako."

Nilicheka. Nilidhani ni utani, maana utani wa mawifi tulikuwa hatujaufanya hata siku moja. Kumbe hatanii. Alisema ni wiki hii tu, ajizoeshe kula vizuri, wasimwahi kwa sindano. Nikanyoosha kidole.

Basi mkaone damu ya mtu aliyefunga. Namba yangu ilitoka nzuri, tulivu, mpaka Shamsiya akaibusu mashine. Akazifuta zile mbaya, akapima tena, nzuri tena. Kuanzia siku hiyo kila adhuhuri na kila baada ya futari anakuja kwangu, nampa kidole, na tunaongea. Huyo bubu kumbe ana hadithi! Akanisimulia shule, akanisimulia Yazid alivyomposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, akaniiga mimi mwenyewe ninavyogombana na wateja, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Wiki moja ikawa tatu. Sikumwambia tuache, na sababu yake naijua vizuri. Tangu niachike hapakuwa na mtu aliyenihitaji kwa lolote zaidi ya kumshikia ngazi akitundika pazia.

Kliniki nilimsindikiza mimi. Usiku wa kuamkia siku hiyo anasingizia kiungulia, hali kitu cha maana, ili wakimpima palepale pasiwe na fedheha. Nesi Hasina, mama mmoja wa makamo, alibonyeza ile mashine akafurahi. Akamsimamisha Shamsiya mbele ya wajawazito wengine benchini, akamwambia awaeleze anakula nini mpaka sukari yake imetulia hivyo. Shamsiya akawaambia mchicha na dagaa. Wenzake wakamsikiliza kwa makini, mmoja akauliza kama dagaa wa kuchemsha au wa kukaanga. Mimi nikatazama dirishani.

Halafu nesi akampima tumbo kwa utepe. Akapima tena. Uso ukamkunjamana. Akaitazama mashine, akalitazama tumbo, akasema huyu mtoto ni mkubwa kuliko anavyotarajia, baba yake yukoje? Nikajibu mimi. Nilisema baba yake akisimama mlangoni hupiti, kwetu wote tunazaliwa wakubwa. Nesi akacheka, akatikisa kichwa, akaandika. Lile neno ninalisikia mpaka leo, sauti yangu hii hii, na furaha yake.

Idd ilitukuta tumekwenda Kigombe kwa mama mdogo. Yazid alikuwa safarini Arusha na mzigo. Usiku wa kuamkia siku ya pili ya Idd, Shamsiya chupa ikampasuka, wiki kadhaa kabla ya tarehe yake. Tukamkimbiza kituo cha afya cha jirani. Kadi yake ya kliniki ilikuwa Makorora, ameifungia kabatini ili mama asiione. Mkoba wake nilibeba mimi.

Kule ndani sisimulii yote. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Tulisikia wakunga wanapeana maagizo kwa haraka, mkunje miguu, sukuma hapa, vuta taratibu, na sauti ya Shamsiya ikapanda kisha ikakatika. Nilijua. Wallahi nilijua palepale mlangoni kwamba yale mabega yalinona kwenye futari na kidole changu ndicho kilichoyaficha.

Mtoto akatoka asubuhi mapema, wa kiume, akalia kilio kifupi. Wakampima, wakunga wenyewe wakaitana kuja kuangalia mizani. Mama akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa malaria wakachungulia. Shamsiya alikuwa amechanika vibaya, amepoteza damu, wakamshona na kumchoma dawa ya usingizi, akalala na dripu mkononi, uso kama karatasi. Hakumwona mwanawe wala hakumnyonyesha.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, Dakta Rafaeli, mpole, macho yamechoka. Alikuja tulipokaa akauliza kama mzazi alikuwa na maradhi yoyote wakati wa ujauzito, presha, sukari, kifafa cha mimba.

Mama akamjibu kabla hajamaliza. "Hana. Kwetu sukari hatuijui, mwanangu."

Daktari akanitazama na mimi. Mkoba wa Shamsiya ulikuwa mapajani mwangu, na ile mashine ilikuwa ndani yake, naihisi kwa vidole. Nikatazama chini. Akachukulia kuwa nimekubali, akaenda zake.

Nawauliza ninyi mnaosoma, kuna ugumu gani wa kusema neno moja? Mimi ambaye nimewahi kumfukuza mteja kwa kipimo cha yadi! Nilikuwa naona uso wa mama. Nilikuwa naona Shamsiya akiamka na kukuta kila mtu anajua, na mama ameshaanza habari za mtungi na ufa, na mimi niliyemwapia ndiye niliyemuuza akiwa amelala. Nikajiambia atakapoamka nitamwomba ruhusa. Nikakiita kitendo hicho uaminifu.

Mtoto akaanza kuwa mzito wa kuamka. Mama alimpokea, akamtafunia tende ya Idd aliyokuwa nayo kwenye ncha ya kanga, akampaka kidogo kwenye kaakaa kama ilivyo sunna. Mtoto akalamba. Baada ya muda akafumbua macho, akachangamka kidogo, mama akasema mnaona, ni uchovu tu wa safari. Na mimi nikashukuru ile tende kuliko nilivyowahi kushukuru chakula, kwa sababu ilinipa ruhusa ya kuendelea kunyamaza.

Haikuchukua muda akarudi kule kule. Sasa mikono ikawa inatetemeka, jasho linamtoka na mtoto mchanga hatoki jasho vile, akipewa matone ya maziwa kwa kijiko yanamwagika pembeni. Mkono wa kulia haukuwa unanyanyuka kabisa. Daktari alisema huenda ni maambukizi, akaanza dawa. Vijiti vya kupimia sukari kituoni vilikuwa vimeisha tangu kabla ya Idd, na kwa vile alishaambiwa hakuna mwenye sukari, hakuhangaika kuvitafuta. Nilikwenda kwa Shamsiya, nikainama sikioni mwake, nikamwita. Nikamwambia wifi, amka, nikuulize neno moja tu. Hakuamka. Nikarudi benchini nikakaa. Adhuhuri ikaadhiniwa, mama akaenda kuswali, akarudi, na mimi bado nimekaa.

Kisha degedege likamshika. Macho yakageuka, mkono wa kushoto ukawa unaruka peke yake, midomo ikabadilika rangi. Mama akaanza kumsomea huku machozi yanamdondokea mtoto usoni. Nilisimama. Mkoba ukaanguka, mashine ikatoka ikaviringika sakafuni mpaka miguuni kwa daktari.

"Mama yake ana sukari," nikasema. "Ya mimba. Namba zilizomo humo si zake, ni zangu."

Hapakuwa na wa kuniuliza zaidi. Daktari aliokota mashine, akatoa kijiti kwenye kichupa kilichodondoka nayo, akamchoma mtoto kisiginoni. Mashine haikutoa hata namba, iliandika tu kwamba sukari iko chini mno. Akapiga kelele kuita wauguzi, nao wakaja mbio na dripu, wakamtafuta mshipa kichwani, wakamtia sukari. Sukari hiyo hiyo. Nikabaki nimeduwaa, maana kichwani mwangu mtoto huyu alikuwa amejaa sukari mpaka utosini.

Daktari alinieleza tukiwa tunasubiri gari la wagonjwa, na hakunieleza kwa ukali, heri angekuwa mkali. Alisema sukari ya mama hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto, mchana na usiku, na mtoto hana pa kuikataa. Kongosho lake changa linafanya kazi kupita kiasi, linamwaga insulini ili kuimudu ile sukari, naye ananenepa, mabega na tumbo vinatangulia kichwa. Siku ya kuzaliwa kitovu kinakatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini yake bado inafanya kazi kama jana. Inaila sukari yake yote, na ubongo unabaki na njaa. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye sukari hupimwa akishazaliwa tu, na kunyonyeshwa mapema, na kupimwa tena. Kinachotakiwa ni mtu kusema.

Nikamuuliza kuhusu ile tende. Alifikiri, akasema pengine ndiyo iliyomshikilia kwa muda. Halafu akaniuliza mtoto alianza kutetemeka lini hasa, na mimi nikamwambia ukweli, nikaona anahesabu kimoyomoyo.

Mama alisikia yote. Nilimsubiri aanze, nilijua nitakavyosemwa, nilikuwa hata nayataka hayo maneno. Alikaa tu, kanga imemteleza kichwani na yeye hajali. Tulipofika Tanga mjini, mtoto na mama yake wameshapokelewa hospitali, ndipo aliponigeukia kwenye korido.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaniogopa mimi," alisema.

Akaondoka kwenda kuchukua udhu, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kile kisa cha mtungi sijamsikia akikisema tena.

Yazid alifika amekesha njiani. Nilimweleza mwenyewe, kabla mtu hajaniwahi. Alinisikiliza amesimama, akaniambia, "Dada, ungenipigia hata simu," kisha akaenda kukaa kwa mkewe, na siku mbili hakunisemesha. Sikumlaumu. Mtoto degedege lilikuwa limekoma, sukari inapanda taratibu, ananyonya kidogo kidogo kwa mrija. Daktari bingwa alisema mishipa ya bega imevutika, mkono utahitaji mazoezi, na mingi hupona. Kuhusu ubongo hakutuahidi. Alisema sukari ilikaa chini muda mrefu, tutamtazama anavyokua, anavyokaa, anavyosema, hapo ndipo tutajua. Nani anaweza kungoja hivyo? Lakini tunangoja.

Shamsiya walimleta kwa kiti cha magurudumu kumwona mwanawe, siku aliyopata nguvu. Yazid aliomba tuwaache, lakini Shamsiya akasema wifi abaki. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno. Nilipiga magoti pale kwenye saruji, nikamwambia nimevunja kiapo, nimetoa siri yake mbele ya mama na daktari na yeye hana fahamu, anisamehe, na kama hataki kunisamehe nina pa kwenda, nitahama Makorora.

Alikuwa ameingiza mkono kwenye kile kitanda cha kioo, anamshika mtoto kidole cha mkono ule usionyanyuka.

"Siri nimekusamehe," akasema. "Na uongo tuliufanya wote, mimi zaidi yako. Mimi ndiye niliyeomba kidole."

Nikaanza kumshukuru. Akanikatiza bila kugeuka.

"Lakini mama ananiambia mtoto alianza kutetemeka asubuhi, na wewe ulikuja kusema nina sukari adhuhuri imeshapita. Mimi nilikuwa nimelala, wifi. Wewe ulikuwa macho."

Nesi akaja akasema muda umekwisha, akamgeuza kiti. Mtoto alikuwa amelala, mkono mmoja umekunjwa kifuani na mwingine umelala ubavuni, pale pale alipouacha mama yake.